Kwa Rukia, Aliyechora Vipicha vya Kendwa na Paje

Rukia, shoga yangu,

Jana nilikuwa Paje, na nimerudi na habari ambayo siwezi kumpa mtu mwengine kabla yako. Vipicha vyako vinafanya kazi. Vyote. Nimekaa nyuma ya meza ya mapokezi tangu asubuhi mpaka kina mama wanaanua mwani wao, nikiangalia tu.

Tangu siku wanaume walipokutoa kwenu Mpendae kwenda kukuzika, na mimi nikabaki ndani na mama yako na wanawake wengine, kwa siku nyingi sikuweza kuigusa programu yetu. Nilikuwa naja ofisini Mchangani, nafungua kompyuta, naitazama, naizima. Kwenye kiti chako bado ipo ile kanga uliyokuwa ukijifunika baridi ya feni. Watu wananiambia niiondoe. Sijaiondoa.

Nakumbuka tulivyoanza. Wewe binti wa baharia wa Tumbatu, mimi mjukuu wa Waarabu wa Malindi waliobakiwa na nyumba inayovuja. Darasa la kompyuta, mashine moja watu wawili, na mkono wako haukubanduka kwenye mausi. Mimi nikaangukia kuandika programu kwa sababu hukunipa nafasi ya kuchora! Tukatengeneza programu ya mapokezi ya hoteli: kuwapangia wageni vyumba, kuwapokea, kuwaaga. Amri za ndani zikawa zangu. Zako zikawa zile aikoni, vile vipicha vya juu ya skrini ambavyo mtu anavibonyeza: ufunguo wa kumpa mgeni chumba, mlango wa kumtoa, fagio la chumba cha kusafishwa. Kila kimoja mraba mdogo kuliko ukucha, na wewe unaujaza nukta kwa nukta. Nilikuwa nikikuona unaififisha nukta moja tu, na kilichokuwa doa kinageuka kitasa. Nikikuuliza umejuaje, unanijibu, "Sijui. Nnaangalia mpaka inyamaze."

Kisha ikaja ile kazi ya yule bwana mwenye hoteli mbili. Kendwa alikuwa na mashine za Windows, Paje alikuwa na za Mac. Programu ni ile ile huku na kule, lakini kule Paje vipicha vyako vilijulikana mara moja kuwa ni wageni. Vina kingo kali na rangi ya kijivu, na kila kitu chengine kwenye skrini ile kinang'aa, kimeviringana kama peremende iliyolambwa. Yule bwana akacheka. "Hivi vimeshuka na boti ya asubuhi?" Akataka vifanane na vya pale.

Tuligombana sana, umeme umekatika na jasho linatutoka. Mimi nilishikilia kwamba programu ni moja, basi vipicha viwe vile vile kila mahali. Aliyejifunza Kendwa asije akajifunza upya Paje. Wewe ukasema, "Mtu anakaa na mashine ile kutwa, macho yake yashaizoea. Usimwekee kitu cha kumkera kila akitazama." Hakuna aliyemshinda mwenzake. Mwisho tukashika njia fupi: kwa Paje tukatumia vipicha vilivyokuja na mashine yenyewe, vizuri, vinang'aa, na mwenye hoteli akaridhika.

Ndipo Mwanakombo akahamishwa. Pale mapokezi ya Kendwa alikuwa akiiendesha programu yetu kama anavyojifunga kanga, hata haangalii. Asubuhi yake ya kwanza Paje, wageni wamesimama na mizigo, gari linapiga honi nje, anautafuta mlango wa kuwaagia, haupo. Akaona mshale uliopinda, akadhani ndio wenyewe. Kumbe wa kufuta lililoandikwa mwisho. Familia nzima iliyokuwa ikitarajiwa jioni ikatoweka kwenye orodha, na ilipofika, vyumba vyao vina watu wengine. Meneja akamwambia mbele za wageni kwamba kazi haiwezi, na mwezi ukiisha aende kwao. Alitupigia simu analia. "Mimi si mjinga, wallahi si mjinga. Nilikuwa naijua!"

Wewe ulikuwa ushatoka spitali mara ya pili, ule ugonjwa wako wa damu, selimundu, umekukamata viungo vyote. Nilikuja Mpendae kukuhadithia, na lile neno langu, "Si nilikwambia," nilikuwa nalo mdomoni tayari. Hukuningojea. Ulisema, "Nipe kompyuta." Mama yako akaja juu, kwamba wewe ni wa kulala. Ukamwambia, "Mama, mtu atafukuzwa kazi kwa ajili yetu."

Rukia, nilichokiona kitandani kwako sijui nikieleze vipi. Uliniambia, "Umbo silibadilishi. Mahali pake sipabadilishi. Nabadilisha mwangaza tu." Ukauchukua mlango wa Kendwa, umefunguka upande ule ule, kimtu kile kile na begi lake kinatoka. Ukauondolea zile kingo nyeusi. Ukauviringa pembe. Ukaumwagia nuru kutoka juu na kivuli chepesi kwa chini. Vidole vikizidi kuuma unavitia katika maji ya moto, unavipangusa, unarudi. Ulipomaliza ukaiweka milango miwili ubavu kwa ubavu. Mmoja ni wa Kendwa hasa, kama uliozaliwa ndani ya mashine ile. Wa pili ni wa Paje hasa. Na ni mlango mmoja! Nilisema Subhanallah, nikakaa chini sakafuni. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya mraba ule mdogo mlikuwa na nafasi ya kunipa mimi haki yangu na wewe ukabaki na yako.

Mimi nikamfuata mwenye hoteli, nikamwambia kosa ni letu, si la Mwanakombo. Akakubali kumngojea mpaka vipicha vipya vifike. Na Mwanakombo alipokuja kukutazama hukumwambia pole wala nini. Ulimgeuzia skrini, ukaziba maneno yote kwa kiganja.

"Hiki?"

"Mgeni anaondoka."

"Hiki?"

"Anaingia. Kile pale chumba kimejaa. Dada Rukia, umevipaka mafuta?"

Ulivyocheka siku ile! Hata mama yako alitoka jikoni kuja kutazama.

Ukavichora vyote, ukabakisha fagio. Ulisema utalifanya Jumamosi. Jumamosi hukuwa nasi.

Nililichukua mimi, mtu asiyejua kuchora. La kwanza lilitoka kama uma. La pili nilimwonyesha Mwanakombo, akainamia skrini, akauliza kwa adabu, "Pweza?" Tukacheka, tukaja tukalia, hatujui tumeanza lini. Halafu nikaukuza mlango wako ukajaa skrini nzima, nukta zako moja moja kama vigae, nikaufuata mwangaza wako: hapa umeanzia, hapa umepungua, hapa umeacha kidogo tu. Nilihisi nimekushika mkono. Sitii chumvi. Siku moja nikampelekea tena Mwanakombo bila ya kusema kitu. Akasema, "Chumba hakijafagiliwa."

Basi jana ndiyo tumeviweka Paje. Wageni walijaa tangu asubuhi, wanaotoka na wanaoingia. Mwanakombo alikuwa anazungumza nao anawatazama usoni, na mkono wake unakwenda peke yake, mlango, ufunguo, fagio, kama yuko Kendwa. Meneja alipita mara kadhaa. Mwisho kampangia zamu mpaka mwezi ujao.

Pembeni yake alikaa Zainabu, mfanyakazi mpya. Huyu hajapata kufika Kendwa. Yeye kajifunzia mashine za Mac tu. Niliogopa yeye zaidi. Kakaa, kafanya kazi kutwa, hakuuliza kitu. Jioni nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Hivi vipicha vyetu unavionaje?"

Akanishangaa.

"Vipicha gani?"

Alikuwa akivibonyeza siku nzima, Rukia, na hakikumkera hata kimoja. Nilitoka nje nikasimama mchangani, nikakuita kwa jina lako.

Sasa kuna nyumba ya wageni hapa mjini ina mashine za aina ya tatu, za Linux, na wanaitaka programu yetu. Nakuahidi nitavichora upya mwenyewe, polepole, kwa njia yako. Na kila kimoja nitampelekea kwanza mama yako pale Mpendae, ambaye hajapata kushika mausi, aniambie ni kitu gani. Akikosea, nitarudia.

Mwenyezi Mungu akustareheshe, shoga yangu, na akupumzishe vidole vyako. Kwaheri, Rukia.

Ni mimi wako,
Salma