Ile Stempu Iliyogeuka Bluu

Baba Neema,

Mvua imekata. Tangu tukuzike haikutupa nafasi hata ya kuanika kitambaa, na Tukuyu yetu unaijua, ikianza kunyesha inasahau kuacha. Juzi jua likatoka, nikaburuta kiti hadi barazani nikaitazama ile stempu yako. Jibu ninalo. Umeondoka bila kulisikia, na hilo linaniuma sana.

Uliniuliza ukiwa kitandani: "Mama Neema, niambie kweli, ni bluu ya kiwandani au imeharibika?" Nikasema tungoje mawingu yafunguke, maana mwanga mbaya unadanganya rangi. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Mawingu hayakufunguka.

Huku mambo yanabadilika. Kile kiwanda cha chai kilichokupunguza kazi kimepata mwenyewe mpya, geti limepakwa rangi na vijana wa Ibighi wanashinda hapo wakiomba vibarua. Sokoni mitumba imejaa kuliko ndizi. Neema ameninunulia koti la Ulaya, linanimeza, ungenicheka mpaka ukohoe. Na mimi bado nikiona bahasha chini nainama kutazama stempu. Watu wanadhani nimedondosha hela.

Ulipopunguzwa, stempu ndizo zikawa kazi yako, na mtoto wa jicho alipokuingia nikawa macho yako. Tulizipanga za aina moja pamoja, wewe na lenzi yako, mimi nikitaja: hii nyekundu imekolea, hii imepauka, hii ina uzambarau kidogo. Ulikuwa mbishi! Lakini kwa hii hatukubishana. Wenzake wote ni kijani, yenyewe bluu, tena ipo kwenye bahasha ya barua uliyomwandikia mama yako kijijini Kisiba ulipokuwa kijana kazini Tanga. Yule mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Mbeya alipokwambia ni kosa la wino la kiwandani, adimu kabisa, na kwamba ataionyesha Dar na jina lako chini yake, ulitembea kifua mbele wiki nzima. Kisha ukaanza kuwa na wasiwasi. Hukutaka jina lako likae chini ya uongo.

Basi sikiliza. Unakumbuka kwenye bahasha ile kuna stempu nyingine ya kahawia iliyoipanda kona. Niliilowesha taratibu kwa kitambaa, nikaibandua. Ile kona iliyofunikwa ni kijani, kijani kabisa kama jani la chai changa. Jua limekula rangi, mume wangu. Nilikaa pale nikalia, nikaona afadhali hukujua.

Lakini jua lipi, wakati sisi tumeifungia kwenye albamu, ndani ya sanduku, miaka yote tangu mama yako afariki? Jana nikaenda Kisiba kumuuliza shangazi yako, aliyeishi na mama yako hadi mwisho. Alicheka, halafu akajifuta macho.

"Mama yake alikuwa akiianika," akasema. "Jua likitoka tu, anatandika mkeka, maharage huku, bahasha ya mwanawe huku, isiote ukungu. Kusoma hakujua. Anakaa hapo hapo anafukuza kuku."

Miaka yote ile hukuweza kuja nyumbani, ukadhani alikusahau kwa kuwa hakujibu.

Mnunuzi anakuja Jumamosi. Nitamweleza ukweli, na stempu simpi. Nakuahidi nitairudisha kwenye albamu yako, na chini yake nitaandika kwa mkono wangu kwamba rangi hii ni ya jua la Kisiba, na jina nitakaloandika ni la mama yako. Najua hutakasirika.

Ndaga fijo, asante sana, Baba Neema, kwa yote. Pumzika. Mama ukimwona msalimie, umwambie barua yake haikuota ukungu.

Mkeo,
Mama Neema