Wanja wa Mama Tahiru

Jumatatu, 15 Agosti 1988

Siku tano tu! Jumamosi natoka kwa baba hapa Koboko, naolewa na Tahiru. Furaha imenizidi – leo nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Kinachonikosesha raha ni wanja. Kwao, mama wa bwana harusi humpaka bibi harusi macho kwa mkono wake. Mama Tahiru alinunua jiwe lake la wanja Yei, Sudan, tulipokuwa ukimbizini. Anasaga mwenyewe. Na ngozi yangu hii! Poda nyekundu ya sikukuu ya Idi ilinivimbisha uso kama andazi. Nikikataa, nitaitwa mjeuri kabla sijaingia jikoni kwake.

Jumanne, 16 Agosti

Lori mpaka Arua, kwa Driwaru, nesi, rafiki yangu wa shule. Anasema si kila rangi ya mawe ni mbaya, ila hizi za sokoni hakuna anayejua zina nini. Nyingine zina risasi, yale madini yenye sumu. Nijaribu mkononi siku mbili. Lakini mkono utaonyesha upele tu, risasi hauonyeshi, kwa hiyo hata ukitulia nisipake machoni. Nani atamwambia Mama Tahiru? Driwaru akacheka. Wewe.

Jumatano, 17 Agosti

Nimemwambia. Kanitazama juu mpaka chini. "Mimi napaka wanja tangu iko msichana. Macho yangu iko hapa, inaona wewe." Akajipaka mkononi, akanipaka na mimi. Tuone nani ataumwa. Tahiru kakimbilia nje kucheka. Msaliti.

Alhamisi, 18 Agosti

Mkono wangu unawasha. Upele kama mtama. Yeye anasema wake safi kabisa. Lakini kavaa sweta, na jua hili!

Jumamosi, 20 Agosti, asubuhi

Naandika haraka. Mama Tahiru kaja na kichupa na kijiti, katoa watu wote, kafunga mlango. Aliponishika kidevu, mkono wa gauni ukapanda. Upele – mwekundu kuliko wangu. Ameona nimeona. Akafuta kijiti kwenye kanga, akafuta tena.

"Fumba macho, mwanangu."

Kijiti kikapita jicho moja, la pili. Kikavu. Hakina kitu! Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa nitalia.

Sasa kaegemea mlango kwa mgongo. Nje dada zake wanagonga, wanataka kuona macho ya bibi harusi. Anawaambia wangoje, wanja bado iko mbichi –