Mashine ya Moyo na Karata za Waldemar

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu asubuhi. Nimezunguka majengo yote ya halmashauri kukagua mashine zangu za kushtua moyo uliosimama. Maktaba – salama, taa ya kijani inapepesa. Uwanja wa ndani – salama. Kituo cha mabasi nafungua kisanduku ukutani, nakuta chupa ya maji moto ya yerba, yale majani yetu ya chai! Mashine imesukumwa pembeni kama mgeni ambaye hakualikwa. Wahudumu wananiambia eti humo joto halipotei. Nilicheka kwanza, kisha nikawaka.

Lakini ya jengo kuu ndiyo inayoniumiza kichwa. Meya Iracema ameiweka ofisini kwake, karibu na bendera, kwa kuwa ni kitu ghali. Akitoka, anafunga mlango. Nimemwambia ofisini kwake mna moyo mmoja tu, na Jumamosi mji mzima utakuwa ukumbini kwenye mashindano ya karata, ya truko. Kanijibu wataiiba. Wakaiuze wapi, nikamwuliza, kwa mchinjaji? Kaniambia, "Nelba, mdomo wako utakuponza."

Jumatano, 5 Juni

Nimeshinda! Meya amechoka nami, mashine imehamia ukumbini, kando ya mlango, bila kufuli.

Mchana nikawafundisha wafanyakazi kuokoa mtu, kwa mwanasesere wa mazoezi. Cacho, bawabu wetu, alimkandamiza kifua huku akimbembeleza: "Amka basi, mpenzi, mshahara umetoka!" Watu wakavunjika mbavu. Nikawaacha wacheke. Kisha nikawasha mashine, ile sauti ya kike ikaanza kutoa maagizo, taratibu, bila haraka wala hasira. Watu wakasogea karibu wenyewe.

Miaka yote hii sijaizoea. Kitu chepesi kama redio ya jikoni, na kinajua kuusikiliza moyo wa mtu! Lakini hakuna hata moja kati ya zangu iliyowahi kutumika.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike kabla sijachanganya mambo.

Ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa kwenye meza ya maandazi. Cacho alikuwa akicheza na Waldemar, tarishi mstaafu, mwenzake wa karata tangu ujana. Katika truko mwenzako hakuambii alicho nacho, anakukonyeza, na ukiwahi kumwona kabla ya wapinzani basi umefaidi. Mdomo ukienda upande, ana karata nzito.

Mdomo wa Waldemar ukaenda upande.

Cacho akaruka: "Truko!" Wapinzani wakapandisha dau. Naye akapandisha tena, anacheka, anapiga meza. Waldemar akainamia karata zake. Halafu akateleza kutoka kitini mpaka sakafuni – na watu wakapiga makofi! Makofi! Maana truko ni mchezo wa uongo, na Waldemar ndiye bingwa wa uongo. "Msimwamini huyo," Cacho akasema, "anatudanganya tangu darasa la kwanza."

Mimi niliona rangi yake. Ilikuwa ya majivu.

Nikapiga kelele. Mtu akasema mwache, anapumua, si anakoroma? Kule si kupumua! Ni moyo umesimama na mwili bado haujapata habari. Meya Iracema mwenyewe ndiye aliyekimbilia mashine, viatu mkononi. Cacho akapiga magoti na kuanza kukandamiza, safari hii bila utani. Nikachana shati, nikabandika vibandiko vya mashine kifuani.

Mashine ikasema: msimguse. Wote tukarudi nyuma, mji mzima, kama watoto mbele ya mwalimu. Nikabonyeza kitufe. Mwili ukaruka.

Kisha kukandamiza tena, tukipokezana. Mashine ikausikiliza moyo tena. Ikasema: mshtuko hauhitajiki.

Mungu wangu! Wanaume wakavua kofia. Cacho akainua mikono: "Imemkataa." Wote walielewa hivyo, kwamba mashine imetoa hukumu. Nikamfokea kama mwendawazimu: haijamkataa mtu, inasema moyo huu si wa kushtuliwa sasa, endelea! Hakuweza. Nikaendelea mimi.

Na Waldemar akanishika mkono.

Alitaka kuuondoa. Nilikuwa namuumiza! Chini ya kiganja changu kifua kikapanda chenyewe, kikashuka, kikapanda. Nimezaa watoto, nimemzika mama, sijawahi kuona kitu kama kile. Nililia mbele ya watu wote na wala sijali.

Jumapili, 9 Juni

Gari la wagonjwa lilimpeleka mji mkuu wa mkoa. Njiani moyo ulisita tena. Wamemlaza kwa dawa za usingizi. Moyo sasa unapiga, wanasema, ila haijulikani ubongo ulikosa hewa kiasi gani. Huenda akaamka asimjue mtu.

Cacho kaja kwangu. Hakutaka kuketi. "Nilimsoma vibaya, dada. Uso ule nimeusoma maisha yangu yote." Nikamwambia mikono yake ndiyo iliyomweka Waldemar hai mpaka mashine ikamshtua. Hakunisikia.

Jumanne, 11 Juni

Naandika nimeegemea ukuta wa wodi. Dawa za usingizi wamezikata asubuhi. Daktari, binti mdogo tu, katuambia tumwite, sauti ya nyumbani husaidia.

Mkewe Ofelia kaita: "Waldemar." Kimya. Kaita tena. Kimya. Cacho kaita kwa kila jina la utani la mtaani, mengine hayafai kuandikwa. Kimya.

Ofelia akanigeukia. "Nelba, mwanangu, tazama dirishani. Na wewe, Cacho." Tukatazama dirishani. Nikamsikia anainama, anamwita jina jingine, polepole, jina la kitandani, la ndani ya nyumba. Cacho akaninong'oneza: hata mimi sikulijua hilo. Macho yalimjaa machozi. Na mimi sitaliandika hapa, si langu.

Nimegeuka, nimeshindwa kujizuia. Ofelia analirudia, sasa si kwa kunong'ona. Mwanamke asiyeweza kuinua sauti hata sokoni! Analiita, wodi nzima inasikia. Kope za Waldemar zimetikisika – au nimeona ninachotaka kuona? Nesi ameinua mkono, tunyamaze.

Ofelia hanyamazi.