Profesa wa Maji na Meza ya Mchanga

Swahiba, upo? Ndio kwanza natoka mkutanoni, ule wa mafuriko ya mtaa wetu.

Yule profesa wa uhandisi amekuja na jeshi zima: daktari, mtaalamu wa udongo, hadi mwalimu wa historia. Historia! Tangu lini maji yakasoma historia? Nilicheka mpaka mwenyekiti wa mtaa akanikodolea macho.

Wakaleta meza ya mchanga, mtaa wetu wote umefinyangwa juu yake. Profesa akanipa jagi la maji. "Baba, tuoneshe hizi mvua za siku hizi, tabianchi ilivyobadilika. Mimina polepole."

Polepole, mimi? Nikamwaga lote kwa mkupuo nimharibie maonyesho yake.

Maji hayakugusa nyumba hata moja. Yakaenda moja kwa moja makaburini. Makaburini, swahiba! Pale alipolala mke wangu. Nimemzamisha kwa mkono wangu mwenyewe, watu wanatazama.

Yule wa historia akasema pale zamani palikuwa bwawa, na wakubwa waliambiwa. Waliambiwa! Wakatugawia eneo hilo la kuzikia hivyo hivyo. Kumbe hata maiti zetu wanazipimia viwanja bondeni.

Mwenyekiti akajichekesha: "Mzee wangu, usijitie presha, huo ni mchanga tu."

Nikamwambia, "Haya. Basi wewe ukifa tutakuzika pale pale, kando ya mke wangu."

Unajua alinijibu nini, tena bila aibu? Eti nisihangaike, yeye ameshajitengea sehemu yake kule kilimani.