Ukurasa wa Nne Sikuusoma

Jumanne, mtaa wa Skuta. Baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye mifupa, jua hatujaliona tangu Jumamosi.

Utafiti wa dawa mpya ya pumu umekwisha. Wiki jana watafiti walitupatia soda na shukrani, amebaki daktari mmoja mjini akifunga mafaili. Mimi ndiye niliyewatafutia watu wa kujitolea hapa mtaani, maana nafanya kazi ya afya ya jamii na wananiamini. Wa kwanza alikuwa Cucu Wangui, nyanya jirani yangu, ambaye zamani alikuwa analala ameketi.

Miaka miwili amepumua vizuri. Hata kwenye kwaya alirudi.

Leo asubuhi nimemkuta ameegemea mto, kifua kinalia firimbi. Akanitolea mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani mna tembe kumi na moja. Ati alikuwa anameza leo, kesho anaruka, ajiwekee akiba. Kliniki alikuwa akirudisha chupa tupu, nao wakaandika amemeza zote.

"Mama Kevo, si ulisema tutatunzwa? Hizi zikiisha, niko na nani?"

Nikamwambia nitauliza. Mungu wangu, nitauliza nini?

Wacha niseme ukweli. Siku ya kujaza fomu za kukubali utafiti tulikuwa uwanja wa kanisa baada ya ibada, wingu limetanda, akina mama wana haraka ya kwenda kupika. Cucu hajui kusoma, kwa hiyo ilibidi asomewe yote, aweke kidole, nami nitie sahihi kuwa shahidi. Nilisoma kurasa tatu. Wa nne nikaupindua nikasema, "Haya mengine ni kwamba mtatunzwa tu."

Hata mwenyewe sikuwa nimeusoma.

Leo nimeiomba nakala yake ya fomu, nikausoma ukurasa huo nimesimama. Dawa itakoma utafiti ukiisha, na anayetaka kuendelea kuipata aombe kabla ya siku hiyo.

Kabla ya siku hiyo!

Nikimwambia daktari kwamba Cucu hakusomewa, huenda wakamkubalia aombe hata sasa. Huenda pia nikafukuzwa. Naogopa, sitadanganya. Lakini hao watafiti nao nina hasira nao: mtu anakupa kifua chake ujaribie dawa, halafu unamuaga na soda? Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, "Cucu, kesho utameza nini?"

Wala mimi sikumuuliza.

Asubuhi naenda kwa daktari na fomu hiyo. Lakini kwanza napita kwa Cucu. Nitamsomea ukurasa wa nne wote, polepole, kisha nimwonyeshe alama ya kidole chake pale chini, na jina langu kando yake.