Beji za Jembe na Nyumba

Njiro, Arusha, Jumapili mchana. Miezi mitano tangu nitoke nyumbani Iramba, saba tangu tukuzike.

Baba,

Shikamoo. Ni mazoea tu, najua hutaitikia.

Nina hasira. Kaka Elia amezisugua beji zako, zote za kwenye kopo la maziwa, zile za kampeni za zamani, enzi mgombea mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake nyumba. Alitaka tuziuze tukujengee kaburi la saruji. Akachukua brashi ya waya na mchanga, akasugua hadi zikang'aa kama vijiko vya harusini, ndipo akanitumia kwa basi nizipeleke kwa muuza vitu vya kale hapa mjini. Nilipozimwaga mezani, yule bwana akacheka: "Kaka, hizi si mmetengeneza jana!"

Jana! Na wewe ulitukataza hata kuzifuta vumbi. "Acheni huo weusi, ndiyo miaka yake." Ulikuwa ukigonga moja moja kwenye jiwe, sisi tumetega sikio, mlio ukikwambia fundi aliyeyusha nini. Hii sufuria iliyotoboka. Hii bomba la maji. Hii ganda la risasi. Na ile nzito ya nyumba, chini ya weusi rangi ya chai ya maziwa: fundi alipungukiwa shaba, akayeyushia humo humo beji za jembe za mpinzani. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Wametukanana mwezi mzima, kumbe wamelala sufuria moja!"

Nilimpigia Elia. Akanijibu, "Mimi nimetoa uchafu tu." Uchafu! Mimi wa darasa la nne nilijua, yeye mwenye cheti ukutani hakujua. Na kopo halikuwa lake. Siku ya kumaliza matanga wazee walimpa yeye koti lako, mimi wakanipa kopo. Nikaliacha kwake, maana huku nalala kwenye jengo tunalolijenga, halina mlango bado, baridi ya Meru inaingia itakavyo. Hapo nilikosa mimi, Baba. Nisamehe.

Ile nzito tu ndiyo niliondoka nayo, nimeishonea ndani ya koti la kazi. Pale dukani niliitoa, nyeusi vilevile, nikaigonga kwenye kioo cha meza ya yule muuzaji. Kicheko kikakatika. Akataka kuinunua pale pale. Nikamwambia hiyo haiuzwi, nikazizoa na zile nyingine, nikatoka.

Kaburi nitalijenga mwenyewe. Kubeba zege ndiyo kazi yangu. Hizo zilizosuguliwa nitazifukia udongoni pembeni yako, zianze upya kuwa nyeusi, na Elia atashika jembe achimbe.

Pumzika, Baba. Jengo hili limebakiza ukuta wa upande mmoja. Kabla ya mvua za vuli niko Iramba.

Mwanao,
Yona