Maneno ya Kumwamrisha Baba

Shamba la Ngano, Hanang
10 Machi 1974

Mwanangu Filomena,

Salamu nyingi sana. Nataka kujua hali yako, ya mama yako, na ya yule ng'ombe mwekundu niliyemwacha anachechemea. Mimi mzima, ila upepo wa huku unapasua midomo.

Mwanangu, kisomo cha watu wazima kimenipa kalamu, lakini Kiingereza hakikunipa. Bwana mkubwa wa mitambo ni mgeni kutoka ng'ambo, na Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo". Anatupigia kelele siku nzima juu ya trekta, nami namjibu "Yes, sir" kwa sababu ndilo ninalolijua, naye anafurahi. Gervasi, jirani yetu niliyekuja naye, huninong'oneza, "Margwe, umekubali nini tena?" Sijui nimekubali nini.

Kabla ya mavuno watachagua madereva wa kombaini, ule mtambo wa kuvunia, kutoka kwa wanaoelewa amri. Wengine watabaki kubeba magunia, na mgongo wangu wa magunia umekwisha. Wewe ni mwalimu. Nifundishe kama unavyofundisha watoto wa darasa la tatu, bila kiboko.

Baba yako,
Margwe


Bashay, Mbulu
2 Aprili 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mama anakusalimu, na ng'ombe wako amepona mpaka anapiga watu mateke.

Nimeona haya kuandika barua hii. Maneno unayoyataka yote ni ya kuamrisha, na mimi sijawahi kukuambia hata "sogea". Unisamehe mapema. Stop ni simama. Wait ni ngoja. Push ni sukuma, na Pull ni vuta. Lift ni inua. Nimeongeza ya nyumbani, ambayo watoto huanza nayo kwa kuwa wanayatenda kila siku: Come, njoo, Sit, kaa, Eat, kula. Ukisema neno, fanya na kitendo chake. Ndivyo linavyokaa kichwani.

Lakini la kwanza kabisa ni hili: I do not understand, yaani sielewi. Likariri kuliko yote. Hiyo "Yes, sir" yako kwa usilolijua inanitia hofu, baba.

Mwanao,
Filomena


Shamba la Ngano, Hanang
19 Mei 1974

Mwanangu,

Marahaba. Nami nauliza afya zenu, yangu ni njema.

Maneno yameingia. Asubuhi nasukuma pipa nikisema Push, nalivuta nikisema Pull, hadi mlinzi akaniuliza kama nina homa. Juzi Bwana alisema "Stop", nikasimamisha trekta kabla wenzangu hawajageuza shingo. Nimepewa kombaini, mwanangu. Gervasi ndiye msaidizi wangu. Kazi yake ni kutoa mabua yanayonasa kwenye visu. Sit na Eat bado hakuna aliyeniambia huku.

Lile la sielewi nimelikariri, lakini halitoki. Kwetu mgeni akisema, nawe ukamwambia usoni kwamba humwelewi, umemwambia hajui kusema. Bibi yako angefufuka anichape. Tena kiti hiki nimepewa kwa kuwa naelewa. Nikisema sielewi, nitashushwa.

Baba yako,
Margwe


Bashay, Mbulu
23 Juni 1974

Baba,

Shikamoo. Afya zetu si mbaya, ila tumechoka. Operesheni ya vijiji imefika Bashay, na sote tumehamishwa. Wamepima viwanja kwa kamba, na mlango wetu mpya unatazamana na wa Gervasi. Mama alilia kuliacha zizi la babu. Natalia, mke wa Gervasi, alimbebea jiwe la kusagia njia nzima.

Baba, nimefurahia kiti chako, lakini sikulala vizuri. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo wenu ana miezi. Mwambie hujaelewa. Hatakufa.

Mwanao,
Filomena


Bashay, Mbulu
8 Septemba 1974

Baba,

Shikamoo. Nimekuandikia mara nyingi na hujibu. Mama haulizi tena kama lori limeleta barua.

Tumesikia Gervasi yupo hospitali, na mkono wa kulia umekatwa. Natalia ameletewa habari kwamba mumewe ni mzembe, aliingia chini ya visu bila ruhusa, na kazi hana tena. Kila asubuhi anavuka njia kuja kuniuliza, "Margwe alikuwepo. Anasemaje?" Naye tukifungua mlango tu, tunaonana.

Baba, nani aliwasha mtambo?

Filomena


Shamba la Ngano, Hanang
22 Septemba 1974

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu usiiulize.

Niliwasha mimi. Gervasi alikuwa chini akitoa mabua, upande nisiouona, nami nilidhani amekwenda kunywa maji. Bwana akaja akaniuliza jambo refu, halikuwemo katika uliyonifundisha. Neno lako lilikuwa mdomoni kabisa. Watu walikuwa wananitazama pale juu kitini. Nikasema "Yes, sir". Akapunga mkono, nikawasha.

Baadaye karani alinieleza. Bwana aliuliza kama mwenzangu ametoka chini.

Bwana hakudanganya: aliuliza, akajibiwa ndiyo. Basi wakubwa wameamua kwamba Gervasi alitoka, kisha akarudi chini kwa kiherehere chake. Nami nikanyamaza. Kikao cha mwisho cha shauri hili ni Ijumaa. Nikiendelea kunyamaza, mimi nitabaki dereva na Gervasi atabaki mzembe. Naogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivi.

Baba yako,
Margwe


Bashay, Mbulu
20 Oktoba 1974

Baba,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima.

Gervasi amerudi kwa lori, na ametueleza. Alikuwepo kikaoni, bandeji begani. Anasema ulisimama ukasema "I do not understand" kwa sauti iliyofika nje, halafu ukaeleza kwa Kiswahili kwamba hilo ndilo ulilopaswa kusema siku ile. Jina lake limesafishwa. Wewe ulishushwa kitini, ukachukua mzigo wako ukaondoka. Nimesikia upo Dirma, unachunga ng'ombe wa watu, ndipo ninapoituma barua hii.

Sitakudanganya. Natalia hatusalimii. Mama akiwa nje, yeye hafungui mlango. Lakini jana Gervasi alivuka njia, akakaa kwetu. Akasema mvua inakaribia, na plau haishikwi kwa mkono mmoja. Mama akasema atamtafutia mtu. Akamjibu, "Mtu simtaki. Namtaka Margwe. Aje alime shamba langu nikimtazama." Sikujua kama ni msamaha au ni hukumu. Alikunywa uji akarudi kwake.

Baba, safari ile nilikuomba radhi kwa kukuamrisha. Leo siombi.

Come. Sit. Eat.

Kigoda chako nimekitoa nje, kipo mlangoni, kinatazama kwa Gervasi.

Mwanao,
Filomena